Usiulize "ya Axio", uliza namba: katalogi ya vipuri na gari lako

Leo naweka kando habari za seva na lugha za programu. Nataka tuongee juu ya hifadhidata moja ambayo wenye magari wengi hapa Kenya hawajawahi kuifungua, ingawa inawahusu kuliko programu nyingi tunazopakua kwenye simu. Ni katalogi ya vipuri ya kielektroniki. Watu wa biashara ya magari huiita kwa herufi tatu tu, EPC.

Kwanza nijieleze kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, naishi Machakos mjini, na nina Toyota Corolla Axio iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Mimi si makanika. Lakini kazi ndogo ndogo nazifanya mwenyewe uani: oili, plagi, chujio la hewa, pedi za breki, na mwaka jana pampu ya maji. Hiyo pampu ndiyo nitakayoitumia kama mfano leo, kwa sababu ilinifundisha kwamba shida yetu kubwa na magari mara nyingi si ufundi. Ni habari. Mtu ana spana, ana jeki, ana muda, lakini hajui hasa anatafuta kitu gani.

Maongezi ya kaunta

Kila mtu aliyewahi kuingia duka la spea anayajua maongezi haya.

"Nataka pampu ya maji."

"Ya gari gani?"

"Axio."

"Axio gani? Ya mwaka gani?"

"2008."

"Zinatofautiana. Leta ile ya zamani tuone."

Muuzaji hajakosea. Ni mwaminifu, hataki kukuuzia kitu kitakachorudi kesho. Lakini angalia maana ya sentensi hiyo ya mwisho. Ili ununue kipuri, lazima kwanza ulifungue gari. Ukishalifungua, gari haliendi tena. Basi unapanda bodaboda na chuma chenye grisi kimefungwa kwenye gazeti, unazunguka duka hadi duka. Likikosekana Machakos, unapanda matatu, kama kilomita 65, hadi Nairobi, Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan. Gari lako linakungoja likiwa limepasuliwa kifua.

Neno "Axio" nalo halisaidii sana. Axio ya kwanza ilitoka mwaka 2006 na ikaendelea hadi 2012. Ndani ya jina hilo moja kuna NZE141 yenye injini ya lita 1.5, kuna NZE144 inayovuta magurudumu yote manne, na kuna ZRE142 na ZRE144 zenye injini ya lita 1.8. Mwaka 2012 umbo likabadilika, zikaja NZE161, NRE160 na nyingine, na mwaka 2013 ikaongezeka ile ya haibridi, NKE165. Zote barabarani ni "Axio". Ukimwambia mwandishi wa programu kwamba unatafuta rekodi kwa safu isiyo ya kipekee namna hiyo, atakuuliza: ufunguo wako ni upi?

Ufunguo ni namba ya chesisi

Ufunguo upo, na umechongwa kwenye gari lako. Ni namba ya chesisi. Kwenye gari la Toyota lililouzwa kwanza ndani ya Japani, namba hiyo ina sehemu mbili: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, halafu tarakimu saba. Kwa mfano NZE141 kisha kistari kisha tarakimu zake saba. Herufi NZ zinataja familia ya injini, E ni ukoo wa Corolla, na 141 ni kizazi na aina yake. Utaikuta kwenye kibandiko cha chuma ndani ya boneti, mara nyingi kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Pia imo kwenye logibuku.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukienda kwenye tovuti nyingi za Marekani au Ulaya, wanakuomba namba yenye herufi na tarakimu 17. Unaandika ya kwako, tovuti inakujibu kwamba namba si sahihi. Unaanza kushuku kwamba uliuziwa gari bandia! Hapana. Mfumo wa tarakimu 17 ulifanywa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1981, na nchi nyingi zikaufuata. Japani kwa magari ya soko lake la ndani ilibaki na namba yake fupi. Kosa ni la aliyeandika fomu ile akidhani dunia yote inafanana na mtaa wake. Sisi waandishi wa programu tunayajua makosa hayo, tunayafanya kila siku kwenye fomu za majina na namba za simu.

Jambo hili ni kubwa kwetu kwa sababu magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika. Kanuni ya ubora ya Kenya, KS 1515:2000, inataka gari linaloingia liwe halijapita miaka minane na usukani uwe kulia. Maana yake ni kwamba gari lako halikutengenezwa kwa ajili ya Kenya. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Osaka au Nagoya, na katalogi inayolijua vizuri ni ile ya soko la Japani, si ile ya soko la jumla inayohudumia magari mapya yaliyoletwa Afrika. Ukitafuta kwenye katalogi isiyo yako utapata kipuri kinachofanana na chako, na kufanana peke yake kunaweza kukugharimu safari ya pili.

Ndani ya katalogi

Zamani katalogi hizi zilikuwa vitabu vinene, baadaye mikrofishi, zile karatasi za plastiki zenye picha ndogo sana zinazosomwa kwa mashine. Kisha zikaja CD. Leo kuna tovuti zinazokuruhusu kuandika namba ya chesisi na kuona michoro bila malipo, kama Amayama na PartSouq. Hizo zinauza vipuri pia, lakini hakuna anayekulazimisha kununua. Simu ya kawaida na bando dogo vinatosha.

Ukishaandika namba yako, katalogi ya Toyota inakugawia gari katika mafungu manne: vifaa na injini na mafuta, usafirishaji wa nguvu na chesisi, bodi, na umeme. Unachagua fungu, kisha unachagua mchoro. Mchoro unaonyesha vipande vikiwa vimetawanywa hewani kwa mpangilio wa kuunganishwa, kama vile mtu amelivuta gari polepole kutoka pande zote. Kwa mtu anayejifunza, mchoro huo peke yake ni shule. Unaona washa ipo kati ya nini na nini. Unaona bolti ni ngapi kabla hujaanza kufungua.

Kila kipande kina msimbo wa tarakimu tano unaotaja aina ya kipuri. Ukizoea kidogo utaukariri. 16100 ni pampu ya maji. 16271 ni gaskiti ya pampu hiyo. 17801 ni chujio la hewa. 04465 ni pedi za breki za mbele. 48510 ni shokomzoba ya mbele kulia, na 48520 ni ya mbele kushoto. Namba kamili ya kipuri huwa na tarakimu kumi, tano za mbele na tano za nyuma. Zile za mbele zinasema ni kitu gani, za nyuma zinasema ni kipi hasa.

Kuna mitego, nanyi mniwie radhi nikiingia kwenye undani kidogo.

Mtego wa kwanza: namba zinazoanza na 9 ni za vipuri vya kawaida, yaani boliti, sili, mikanda, beringi na vinginevyo, na hapo tarakimu tano za mbele hazitoshi. Mikanda mingi ya injini za Toyota huanza na 90916 ikifuatiwa na 02. Themostati nyingi nazo huanza na 90916 hiyo hiyo, ila zikifuatiwa na 03. Ukimtumia mtu ujumbe wenye nusu ya namba unaweza kuletewa mkanda badala ya themostati.

Mtego wa pili: kulia na kushoto. Katalogi huhesabu kulia na kushoto kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Fundi aliyesimama mbele ya boneti wazi akitazama injini, kulia kwake ni kushoto kwa gari. Mambo madogo, lakini shokomzoba ya kushoto haikubali kukaa kulia kwa kubembelezwa.

Mtego wa tatu: tarehe. Kipuri kimoja kinaweza kuwa na mistari miwili au mitatu, kila mmoja na kipindi chake cha utengenezaji kwa mwaka na mwezi. Kiwanda kilibadilisha kitu katikati ya mwaka na hakikutangaza popote. Ukisema "2008" hujasema lolote kama badiliko lilikuja mwezi wa tano. Namba ya chesisi inakuchujia, kwa sababu katalogi inajua gari lako lilitoka kiwandani mwezi gani.

Na kitu cha nne si mtego bali msaada: namba hurithiana. Kipuri kikiboreshwa, hupewa namba mpya na ile ya zamani huelekezwa kwa mpya. Mwandishi wa programu ataona hapo orodha iliyounganishwa, kila nodi ikimwonyesha mrithi wake. Kwa hiyo muuzaji akikuletea namba isiyolingana na ya kwako usikasirike kwanza. Angalia kama ni mrithi halali.

Pampu ya maji na siku tatu

Sasa mfano wenyewe. Mama yangu anaishi upande wa Kathiani, ng'ambo ya Milima ya Iveti. Figo zake zilishindwa, na husafishwa damu kwa mashine hapa mjini kila Jumanne na Ijumaa. Mimi ndiye ninayemleta na kumrudisha. Mwenye mgonjwa wa figo anajua siku hizo si za kuahirisha. Anajua pia hali ya mtu anapotoka kwenye ile mashine: si mtu wa kusimama stendi akingoja matatu ijae.

Jumamosi moja niliona maji ya rangi ya waridi chini ya gari, upande wa mbele kulia. Nilipomulika kwa tochi nikaona ukoko wa rangi hiyo hiyo kwenye pampu, chini ya kile kitundu kidogo ambacho kiwanda huacha makusudi ili sili ikichoka ukionee hapo. Nilimwita fundi wangu, mzee aliyefanya kazi ya magari tangu mimi sijazaliwa. Alishika puli akaitikisa kidogo. "Beringi imelegea," akasema. "Inaweza kukupeleka wiki, inaweza kukuacha mlimani kesho. Mama usimpakie humu."

Kwa wasiojua, injini hii, 1NZ-FE, ni ya aluminiamu. Ikichemka na dereva akaendelea "nifike tu", kichwa cha silinda hupinda, na hapo tunaongelea pesa za kununua injini nzima ya mtumba. Kupanda Iveti ukiwa na pampu mbovu ni kucheza kamari.

Fundi alikuwa na kazi za watu hadi Jumatatu jioni. Akaniambia nitafute pampu, nianze mwenyewe, yeye atapita kukagua. Akaongeza: "Lakini usiniletee ya kubahatisha." Siku zilizobaki kabla ya Jumanne zilikuwa chache, na Jumapili maduka mengi ya spea hayafunguliwi.

Usiku huo nilifungua katalogi. Niliandika namba ya chesisi, nikaenda fungu la injini, mchoro wa pampu ya maji. Nikanakili namba kamili ya pampu, namba ya gaskiti, na namba ya mkanda kwa sababu mkanda nao ulikuwa umeanza kupasuka. Kisha nikafanya jambo ambalo wengi hawalijui: nikageuza swali. Badala ya kuuliza "gari langu linatumia pampu gani?", nikauliza "pampu hii inatumiwa na magari gani?" Tovuti nyingi zina sehemu hiyo. Orodha ilikuwa ndefu. Injini ya 1NZ-FE ilifungwa kwenye Vitz, Probox, Fielder, Ist, Sienta na nyingine nyingi, na kadhaa kati ya hizo zilikuwa na namba ile ile ya pampu yangu.

Jumatatu asubuhi nilianza kuzunguka. Duka la kwanza: "Ya Axio imeisha, labda Jumatano nikiagiza Nairobi." Duka la pili lina mama mmoja wa makamo, naye akasema vivyo hivyo, ya Axio hana.

Nikamwambia, "Mama, naomba tuangalie kwa namba, si kwa jina la gari. Una pampu yoyote ya Probox?"

"Ya Probox ninayo. Lakini kijana, wewe umesema una Axio."

"Injini ni moja, mama. Tulinganishe."

Akavaa miwani, akatoa boksi kutoka rafu ya chini. Juu yake alikuwa ameandika PROBOX kwa kalamu nene, kwa mkono wake mwenyewe. Halikuwa boksi la Toyota, lilikuwa la kampuni nyingine ya Japani, na ubavuni limechapwa orodha ya namba za Toyota ambazo pampu hiyo inachukua nafasi yake. Tulisoma pamoja, tarakimu moja moja. Ya kwangu ilikuwa ya pili kwenye orodha. Gaskiti ilikuwa ndani ya boksi, jambo nililojua kuuliza kwa sababu katalogi ilinionyesha kwamba ni namba ya peke yake.

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani hii ningekuambia sina, na iko hapa." Akachukua kalamu yake, akaandika zile tarakimu kumi chini ya neno PROBOX.

Wadau, hiyo ndiyo hoja yangu yote. Pampu ilikuwa Machakos muda wote. Kilichokosekana ni njia ya kuitafuta. Duka lilikuwa limepangwa kwa majina ya magari, na jina lilikuwa linaficha bidhaa ambayo mwenye duka anataka kuiuza na mteja anataka kuinunua.

Kazi yenyewe niliifanya mchana huo injini ikiwa baridi kabisa. Nilimwaga kulanti kwenye beseni, nikatoa mkanda, nikafungua pampu, nikasafisha uso wa chuma bila kuukwaruza, nikafunga gaskiti mpya, pampu na mkanda, nikajaza kulanti na kutoa hewa. Kulanti ya zamani usiimwage uani. Ni sumu na ina ladha tamu, mbwa na mbuzi huilamba. Saa kumi na mbili jioni fundi alikuja. Aliwasha gari, akawasha hita, akangoja feni izunguke, akashika mipira ya maji mmoja mmoja, akamulika kila kiungo. Kisha akasema kesho twende. Jumanne asubuhi mama alikuwa kwenye kiti chake hospitalini kwa wakati wake.

Namba si ushahidi wa uhalisi

Nisiwadanganye kwamba namba inamaliza kila kitu. Namba ni kama jina la mtumiaji kwenye mfumo. Inasema anayedai kuwa nani, haithibitishi kwamba ndiye. Anayetengeneza boksi bandia hashindwi kuchapa tarakimu kumi sahihi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu mwaka 2008, lakini sheria haiko kwenye kaunta pamoja nawe. Kwa hiyo ukishapata namba sahihi, kazi ya pili inaanza: chapa kwenye chuma chenyewe, uzito, umaliziaji wa kingo, na kumjua unayemnunulia. Hapo jicho la fundi linashinda katalogi yoyote.

Pia katalogi inalijua gari lako kama lilivyotoka kiwandani siku ile. Haijui kilichotokea baadaye. Haijui kwamba mwenye gari wa kwanza alibadilishiwa injini, au kwamba gia boksi ilitoka kwenye gari lililokatwa nusu na kuletwa kwa kontena. Ukiuliza katalogi kuhusu gari lililobadilishwa viungo, itakujibu kwa uhakika kabisa, na jibu halitakaa. Kwa hiyo kabla ya kuiamini, soma msimbo wa injini iliyopo na uulinganishe na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha chuma. Hifadhidata bora duniani haiwezi kushinda kuinama na kutazama.

Na katalogi si kitabu cha ukarabati. Inakuonyesha kipande na nafasi yake, haikuambii ukaze boliti kwa nguvu kiasi gani wala ni kitu gani hakipaswi kutumiwa mara ya pili. Hayo yako kwenye mwongozo wa ukarabati wa kiwanda, ambao kwa Toyota huweka alama ya kitone cheusi kwenye vipande visivyorudiwa. Kazi za springi za shokomzoba au mifuko ya hewa ya usalama mwachie mwenye vifaa na mazoezi. Springi iliyobanwa ikifyatuka haiulizi kama umesoma mchoro.

Daftari la fundi

Baada ya kazi ile, fundi wangu alinionyesha kitu. Ana daftari la shule lenye jalada la bluu, limelowa oili pembeni, na ndani yake ameandika namba za vipuri kwa miaka mingi: gari, namba, duka alikonunua, na alama ndogo kama kilidumu au hakikudumu. Hiyo safu ya mwisho haipo kwenye katalogi yoyote. Kiwanda hakijui ni sili gani ya bei nafuu iliyodumu mwaka mzima kwenye vumbi letu. Yeye anajua.

Tulikaa jioni mbili tukaliingiza daftari kwenye lahajedwali. Namba ya chesisi ya kila gari analohudumia, namba za vipuri vinavyochoka mara kwa mara, na maoni yake. Siku hizi mteja akimpigia simu, yeye humtumia muuzaji namba kwa WhatsApp kabla hajashika spana. Gari linafunguliwa kipuri kikiwa tayari mezani. Wengine walinicheka kwamba nimemfundisha fundi kazi ambayo itamkosesha wateja. Naona kinyume chake. Hapotezi tena nusu siku kurudisha spea isiyokaa, na mteja haanzi kumshuku kwamba anamzungusha. Mashaka mengi kati ya mwenye gari, fundi na muuzaji hayatokani na wizi. Yanatokana na watu watatu kubahatisha jina moja, kila mmoja na picha yake kichwani.

Swali la nani anamiliki habari hizi nalo lipo. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na gereji huru habari za ukarabati, zile zile wanazowapa wakala wao. Sisi tunaotumia magari ambayo kiwanda hakikutuuzia moja kwa moja tunahitaji habari hizo kuliko wao, kwa sababu hatuna wakala wa kumkimbilia. Tovuti zinazotuonyesha michoro leo zinaweza kufungwa au kulipiwa kesho. Ndiyo maana nakushauri ujiwekee nakala ya namba zako.

Anza hivi

1. Piga picha kibandiko cha chuma cha gari lako na uandike namba ya chesisi, msimbo wa injini na msimbo wa gia boksi. Ihifadhi kwenye simu.

2. Siku ambayo gari ni zima, si siku limekwama, fungua katalogi na utoe namba za vitu kumi: chujio la oili, la hewa na la kabati, plagi, mkanda, pampu ya maji, themostati, pedi za mbele, viatu au pedi za nyuma, na linki za stabilaiza.

3. Kwa kila namba, angalia kipindi cha utengenezaji, idadi inayohitajika, na kama ina mrithi.

4. Geuza swali. Andika majina ya magari mengine yanayotumia namba hiyo, hasa yale yaliyojaa mtaani kwako. Kwetu Machakos, Probox ni karibu kila kona.

5. Linganisha na gari lenyewe kabla ya kununua, na mwonyeshe fundi wako orodha. Akikwambia namba fulani hailingani na anachokiona, msikilize.

Kazi hiyo itakula saa moja ya jioni moja. Ukiimaliza, mtumie fundi wako nakala, na nyingine muachie yeyote anayeendesha gari hilo usipokuwepo. Siku pampu itakapoanza kutoa maji, yeye ndiye atakayekuwa amesimama kaunta akiulizwa "ya gari gani?"

Haya wadau, kajitafutieni namba zenu. Wakati mwingine nitaandika jinsi ya kuiunganisha simu na tarakilishi ya gari kupitia kile kiunganishi kilicho chini ya usukani, ili taa ya injini ikiwaka usome inachosema badala ya kuizima tu.